Ukienda Kufundisha Japani, Nenda na Kiswahili Chako

Wiki jana nilipanda Probox kutoka Ahero kwenda Kisumu mjini. Dereva alipowasha gari, sauti ya kike ikatoka kwenye dashibodi: "Kaado ga soonyuu sarete imasen." Akaniambia anaisikia kila asubuhi tangu alinunue gari lile, na hajui kama anasalimiwa au anaonywa. Nikamweleza kwamba inasema kadi haijawekwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo mpwa wangu naye ananiuliza kila jioni: mtu wa huku anaishije kule?

Mpwa wangu anaondoka Julai kwenda kuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza. Mimi nilifanya kazi hiyo kuanzia Agosti 2022 hadi Machi 2025, katika mji mdogo wa bara mkoani Niigata, nikizunguka shule mbili za msingi na moja ya sekondari ya chini. Haya ndiyo ninayomwambia tukiwa jikoni. Nimeyaandika kwa sababu vijana wengine wa Nyando na hata Kakamega wanafika nyumbani na swali lile lile.

Neno langu kubwa ni moja. Hukuajiriwa uigize Mmarekani. Kiswahili ulichokulia ndicho kitakachokufungulia Kijapani na darasa pia, na kitakueleza makosa ya wanafunzi wako kabla kitabu hakijakueleza.

Karatasi kwanza

Utahitaji digrii ya kwanza, na uonyeshe kuwa umesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka isiyopungua 12. Hapa ndipo wenzetu hukwama bure. Kwa mtoto wa 8-4-4 hesabu inatosha: Kiingereza ni lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne, kwa hiyo una miaka 5 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, jumla 13. Lakini lazima uithibitishe. Rudi kwenye shule zako zote, uombe barua yenye muhuri inayosema masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Anza mapema, maana mwalimu mkuu aliyekufahamu huenda amehamishwa.

Mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, huajiri kupitia balozi zake, hulipa nauli ya ndege, na mkataba wake huongezwa mwaka mmoja mmoja hadi mitano. Zipo pia kampuni za binafsi zinazosambaza walimu mashuleni, na hizo nyingi hazilipi nauli. Ukiajiriwa na kampuni, cheti cha ustahiki huombwa na mwajiri wako kule kwenye idara ya uhamiaji ya Japani. Kikitoka, unakipeleka ubalozini Upper Hill, Nairobi, pamoja na ombi la viza. Kinadumu miezi 3, usikilalie. Mwajiri wa kweli hakutozi pesa kwa ajili ya cheti hicho. Kijana mmoja wa kwetu aliuza ng'ombe wawili akamlipa wakala aliyemwahidi "nafasi", na hadi leo hakuna nafasi wala ng'ombe. Ukiombwa pesa za nafasi, funga simu.

Mzigo

Koti zito nunua Kibuye, Jumapili asubuhi, mabelo ya mitumba yakifunguliwa. Makoti ya baridi kali huku hayana mnunuzi mwingi, utapata zuri kwa bei ya chini. Viatu beba kama una mguu mkubwa. Mwanamke anayevaa zaidi ya sentimita 25 atahangaika kupata saizi yake katika miji midogo. Ongeza jozi moja safi isiyowahi kukanyaga nje, kwa sababu shuleni kila mtu huvua mlangoni na kuvaa viatu vya ndani. Dada, beba nywele za kusuka na mafuta yako ya kichwa ya miezi sita. Nilijisuka mwenyewe mbele ya kioo kwa karibu miaka mitatu.

Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia Japani, soma maandishi ya pakiti. Nyama iache nyumbani, hata iliyokaushwa, itachukuliwa uwanja wa ndege.

Beba chai ya Kericho, ile ya mifuko ya kikombe kimoja kimoja. Anayetoka safari huwaletea wenzake wa kazini kitu kidogo, kinaitwa omiyage, na kila mtu hukuta chake mezani. Sisi hatuendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo desturi yenyewe hainisumbui. Nilichokosea ni kutohesabu: meza za ofisi ya walimu zilikuwa 31, mifuko yangu 25. Uliza idadi kabla hujasafiri.

Wiki mbili za kwanza

Kwenye uwanja wa ndege wa Narita utapewa kadi ya ukaazi hapo hapo. Uwe nayo mwilini siku zote. Ukishahamia nyumba yako, una siku 14 za kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani. Omba mtu wa ofisi ya elimu akusindikize. Bima ya afya italipa asilimia 70 ya matibabu, wewe utalipa 30. Nyumba ya kupanga inaweza kudai amana na juu yake "zawadi" ya mwenye nyumba isiyorudishwa, iitwayo reikin, kwa hiyo uliza mwajiri kama anakutafutia nyumba kabla hujabadilisha pesa zako. Mshahara wangu wa kwanza ulikuja mwishoni mwa mwezi wangu wa pili kule. Akiba ya miezi miwili ndiyo iliyonilisha.

Kuna kodi ya ukaazi ambayo mwaka wa kwanza hutaiona kabisa, ukadhani umesamehewa. Inafika Juni ya mwaka unaofuata, ikihesabiwa kutokana na kipato cha mwaka uliopita. Tenga kidogo kila mwezi tangu mwanzo.

Na hili la saa, ambalo hakuna aliyenifundisha, nililigundua usiku nikiwa nimewakumbuka nyumbani. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na ya ukutani kwa 6. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye saa ya Japani ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani. Ukiona 9 usiku Niigata, Ahero ni saa tisa alasiri, mama ametoka shambani. Ukiona 1 mchana, nyumbani ni saa moja asubuhi. Sikuhitaji hesabu tena.

Takataka na majirani

Majirani watakujua kwa takataka zako kabla hawajakujua kwa jina. Utapewa kalenda: siku za taka zinazoungua, siku ya zisizoungua, siku ya makopo, siku ya chupa. Chupa ya plastiki huoshwa, huvuliwa kifuniko na karatasi yake, kisha ndiyo huwekwa. Miji mingine huuza mifuko yake maalumu, na mfuko mwingine wowote hauchukuliwi. Taka hutolewa asubuhi ya siku yenyewe.

Mwezi wangu wa kwanza, bibi mzee wa nyumba ya pili alinirudishia mfuko mlangoni. Niliona haya sana. Hakunigombeza, alichuchumaa pale pale, akaufungua, akanionyesha kimoja kimoja kipi kinakwenda wapi. Nikamshukuru kwa kuinama, na jioni nikampelekea chapati mbili za moto. Tangu siku hiyo sikununua figili nyeupe wala matango kwa miezi, aliniletea yeye. Ukirudishiwa mfuko, usijifungie ndani. Toka ujifunze.

Jikoni

Ndani ya wiki ya pili utatamani ugali. Usinunue unga mweupe wa mahindi ulioandikwa "koon sutaachi", huo ni wanga wa kuzidisha uzito wa mchuzi, ukiusonga unakuwa gundi. Tafuta "koon gurittsu", mahindi ya kusagwa, kwenye maduka ya vyakula vya nje au uagize kwa intaneti, kisha uusage tena kidogo. Badala ya sukuma wiki kuna komatsuna, ikatekate nyembamba, ukaange na kitunguu. Kwa chapati changanya nusu kwa nusu ngano laini, hakurikiko, na ngano ngumu, kyoorikiko.

Omena ipo. Katika kila duka la vyakula kuna niboshi, dagaa wa baharini waliokaushwa, ambao Wajapani huwachemsha kupata supu na mara nyingi kuwatoa. Nilipowaona rafuni nilisimama pale muda mrefu. Waloweke maji ya uvuguvugu, utoe vichwa kama ni wachungu, uwakaange hadi wakauke, kisha nyanya na kitunguu. Vyakula hutozwa kodi ya asilimia 8, vitu vingine 10, na bei ya rafuni wakati mwingine haijajumlisha.

Wali hautakusumbua, ila ni wa kushikana. Sisi wa Ahero tunaupenda uliochambuka. Nilizoea, na leo nikila wali wa mchele wa Koshihikari wa Niigata nitakubali kwamba wanajua wanachokifanya.

Kijapani kwa kinywa cha Mswahili

Irabu za Kijapani ni zetu: a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Wenzangu waliotoka nchi nyingine walihangaika na matamshi mwaka mzima. Wewe soma neno kama lilivyoandikwa. Angalia tu urefu wa irabu, kama tunavyotofautisha "kata" na "kataa". Obasan ni shangazi. Obaasan ni nyanya. Ukikosea hapo kwa mama wa miaka arobaini, utamwona usoni.

Maneno manne ya kujifunza kabla hata ya namba: ohayoo gozaimasu ukiingia, kwa sauti ya kusikika ofisi nzima, onegai shimasu ukiomba, otsukaresama desu kwa mwenzako aliyechoka na kazi, na osaki ni shitsurei shimasu ukiondoka kabla ya wengine, yaani samahani natangulia. Hili la mwisho lilinikaa moyoni, maana kwetu pia mtu haondoki kwenye baraza bila kuaga.

Darasani

Kiingereza kilifanywa somo kamili la darasa la tano na la sita mwaka 2020, na darasa la tatu na la nne wana michezo ya lugha. Mwenye darasa ni mwalimu wao, wewe ni msaidizi. Mfuate kabla ya kipindi, hata dakika tano tu, umuulize anataka nini. Usimsahihishe Kiingereza chake mbele ya watoto. Kama kuna kosa la lazima, sema sentensi sahihi wewe mwenyewe baadaye kidogo, atasikia.

Kipindi cha kwanza utaambiwa ujitambulishe. Wengi huonyesha picha za simba. Fanya hivi. Andika ubaoni neno "kuku", uwaulize ni nini. Watasema kwa pamoja: kuku ni jedwali la kuzidisha, tisa mara tisa, wanalokariri darasa la pili. Sasa chora kuku. Acha wacheke. Kisha andika "saba": kwao ni samaki wa jamii ya vibua, kwetu ni namba. "Mimi" kwao ni sikio. "Nani" ni nini. "Kesho" ya irabu ndefu ni vipodozi vya uso. "Hana" ni ua. Kwa wakubwa wa sekondari ya chini weka "kisu", ambalo kwao ni busu, halafu uchore kisu cha jikoni. Mtoto aliyekuwa amejificha nyuma ya kitabu atanyanyua shingo. Ameona kwamba lugha yake na ya mgeni huyu zinakutana mahali, na kwamba hata yeye anajua kitu ambacho mwalimu hakijui. Baada ya hapo Kiingereza kinapata pa kuingilia.

Mwezi wa kwanza nilijaribu kuzungumza kama sauti ya kwenye kanda ya kitabu, ya haraka, ya puani. Watoto walinitazama tu. Niliporudi kwenye Kiingereza changu cha Ahero, cha taratibu, kila irabu wazi, walianza kujibu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza wanafunzi wake wamemwona mtu anayetumia Kiingereza kila siku bila kuzaliwa nacho, kama wao watakavyokitumia. Ukishawishika kuigiza, kumbuka hilo.

Mtoto akisema "desuku" badala ya "desk", usimwone mzembe. Kinywa chake kinakataa konsonanti isimame peke yake mwishoni, kama kinywa cha nyanya yangu kilivyokataa hadi "bus" ikawa basi na "bench" ikawa benchi. Wajapani nao husema benchi. Keki yetu kwao ni keeki. Kwa hiyo tatizo lao unalijua kutoka ndani. Dawa yake ni makofi: "desuku" ni makofi matatu, "desk" ni kofi moja. Waanze kwa matatu wanayoyazoea, kisha uyabane taratibu hadi moja. Nilifanya hivyo kila kipindi kwa dakika tatu, wala sihitaji kifaa kingine chochote. Kwa r na l, washike kioo kidogo waone ulimi ulipo; maneno peke yake hayasaidii.

Ukiuliza swali darasa zima likanyamaza, usidhani wanakudharau. Hakuna anayetaka kukosea peke yake mbele ya wenzake. Waambie wasemezane wawili wawili kwanza, kisha uliza jozi. Ukimya utavunjika.

Chakula cha mchana ni sehemu ya kazi. Watoto wenyewe huvaa aproni na kupakua, na wote hula kitu kimoja darasani, mwalimu pia. Nilipofika, kwa sababu ya korona, walikuwa bado wanakula kimya wakitazama mbele. Baadaye kidogo ruhusa ya kuongea ilirudi, na hapo ndipo nilipoyajua majina yao. Baada ya chakula hushika matambara na fagio kusafisha shule. Usiende ofisini. Shika tambara. Dakika zile kumi na tano za kupiga deki pamoja zilinipa marafiki kuliko vipindi vyangu vyote.

Watakugusa nywele. Watakuuliza kama unakimbia kila siku, kwa sababu wamekulia wakiwaona Wakenya kwenye mbio za kupokezana, na wazazi wao wanamkumbuka Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu aliyesoma sekondari Sendai kabla ya kushinda marathoni ya Beijing mwaka 2008. Walimu watu wazima watakutajia Wangari Maathai, aliyelipenda neno lao mottainai alipokwenda kule mwaka 2005 akalisambaza duniani: ni uchungu wa kuona kitu chema kinatupwa bure. Jiandae kusema lolote la maana juu ya hao wawili. Na kama hukimbii, sema hukimbii, kisha uwaambie unachoweza.

Mimi nilichoweza ni mpunga. Mwezi wa Mei shule yetu ya milimani huwapeleka darasa la tano kwenye jaruba dogo wapande kwa mkono, ingawa wakulima wote wa pale wanatumia mashine. Nilivua viatu nikaingia. Sikuhitaji kufundishwa, mikono ilikuwa inajua tangu nikiwa na miaka saba kwenye mfereji wa Ahero. Mzee aliyekuja kuwaelekeza watoto alisimama akanitazama mistari miwili mizima, kisha akanipa miche yake. Siku iliyofuata mji mzima ulikuwa unaniita mwalimu wa mpunga. Tafuta cha kwako mapema. Iwe kusuka, mpira, kuimba kwaya, chochote ulichokua nacho.

Theluji na ardhi inayotikisika

Theluji ya bara la Niigata hupita kimo cha mtu. Nyumba nyingi hazipashwi joto zote, unapasha chumba ulichomo kwa hita ya mafuta ya taa. Iheshimu kama jiko la makaa: fungua dirisha kidogo kila saa, na usilale inawaka. Huku tumezika watu kwa jiko lililoachwa chumbani, na hewa yake ni ile ile.

Tarehe 1 Januari 2024 nilikuwa nakunja nguo alasiri, simu ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, kisha nyumba ikaanza kuyumba. Lilikuwa tetemeko la Noto, la ukubwa wa 7.6. Niliingia chini ya meza kama watoto wa darasa la pili walivyonionyesha katika zoezi la Septemba. Weka karibu na mlango begi lenye maji, tochi, viatu, nakala ya pasipoti na pesa taslimu. Namba 119 ni ya zimamoto na gari la wagonjwa, 110 ni polisi. Ukiwa darasani, fuata wanafunzi, wanajua kuliko wewe.

Siku ya kurudi

Umekatwa pensheni kila mwezi. Kama ulichangia miezi 6 au zaidi na hukufikisha miaka inayompa mtu haki ya pensheni yenyewe, sehemu ya pesa hizo hurudishwa kwa mkupuo, na hesabu yake hukomea miezi 60. Wengi hawajui, wanaziacha. Utaomba ukishatoka Japani, kabla ya miaka 2 kwisha, ukiambatisha nakala ya pasipoti, namba yako ya pensheni na uthibitisho wa akaunti ya benki yenye jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Fomu yangu niliijaza Aprili mezani kwa mama, nikaituma kwa rejista kutoka posta ya Kisumu. Pesa zikaingia Septemba, zikiwa zimekatwa kodi ya asilimia 20.42.

Kodi hiyo nayo unaweza kuidai urudishiwe, lakini mdai awe mtu aliye Japani, uliyemwandikisha ofisi ya kodi kama mwakilishi wako kabla hujapanda ndege. Mimi nilimwomba naibu mwalimu mkuu. Tulikwenda pamoja Ijumaa moja baada ya vipindi, tukasubiri kama nusu saa, akapiga muhuri wake. Risiti ya pensheni nilimtumia Oktoba, yeye akamalizia yaliyobaki.